Kula vitoweo vya bahari Japani bila kujua Kijapani: naomba uzoefu wenu

Mtanga Asilia

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Mimi ni afisa uvuvi, mzaliwa wa Tanga, na ifikapo Novemba natarajia kwenda mji wa Kitakyushu, katika kisiwa cha Kyushu nchini Japani, kwa mafunzo ya wiki sita. Mafunzo yenyewe hayanitii hofu, kwa kuwa tumeahidiwa mkalimani darasani. Hofu yangu inaanza pale mkalimani atakapoaga jioni na kurudi kwake, nami nikabaki na njaa yangu katika mji ambao sitaweza kusoma hata kibao cha duka.

Mwenzangu mmoja wa kazini alikwenda nchi hiyo miaka michache iliyopita, na kwa maelezo yake mwenyewe alikula tambi za kikombe na ndizi karibu muda wote. Kila alipofika mlangoni mwa mgahawa alikuta pazia la kitambaa lenye maandishi, nyuma ya pazia wahudumu wakipaza sauti kwa pamoja kumkaribisha, na ukutani vibao vya mbao vilivyoandikwa kwa mkono kutoka juu kwenda chini, bila picha wala tarakimu, akageuza. Mimi sitaki yanipate hayo. Nimekulia karibu na soko la samaki la Deep Sea, nimelelewa kwa tasi wa kuchoma na supu ya pweza, na ningeona haya kukaa wiki sita kwa watu wanaomjua samaki kiasi kile kisha nikarudi sina la kusimulia.

Nimeambiwa kwamba Wajapani hutia pombe ya mchele hata katika vyakula ambavyo mtu asingevidhania, na mimi ni Mwislamu, kwa hiyo jambo hilo siwezi kulifanyia wepesi. Samaki mbichi sijawahi kumla, lakini sikatai kujaribu iwapo mtu anayejua atanieleza nianzie wapi. Zaidi ya yote nataka kujua mtu asiye na lugha anaingiaje, anaagizaje, anajuaje bei kabla hajala, na anaondokaje bila kuacha gumzo nyuma yake. Ushauri wa watalii nimeusoma kwa wingi, na sehemu kubwa umeandikwa na watu waliokwenda kutafuta picha kuliko chakula.

Mwanafunzi wa Fukuoka

Shikamoo mzee. Mimi nipo masomoni Fukuoka, na kutoka hapa hadi Kokura, ambao ndio moyo wa Kitakyushu, treni ya mwendo kasi hutumia kama dakika 15 tu, kwa hiyo mji huo naufahamu vizuri kwa tumbo langu.

Nianze na habari itakayokufurahisha. Pale Kokura kuna soko la vyakula linaloitwa Tanga. Sifanyi mzaha: ni Tanga Ichiba, yaani Soko la Tanga, lina umri wa zaidi ya miaka 100, wenyeji huliita jiko la Kitakyushu, na baadhi ya maduka yake yamejengwa juu ya mto. Liliungua mara mbili mwaka 2022, mwezi Aprili na mwezi Agosti, na linaendelea kujengwa upya sehemu kwa sehemu, lakini wauza samaki bado wapo. Jina hilo halina uhusiano wowote na mji wako. Hata hivyo, ukimwonyesha muuzaji ukurasa wa pasipoti ulioandikwa mahali ulipozaliwa, utakuwa umeshapata maongezi kabla hujajua neno moja.

Nakushauri uanzie hapo kwa sababu sokoni hakuna menyu. Samaki amelala mbele yako, bei imeandikwa kwa tarakimu tunazozisoma, na kidole kinatosha. Utaona pia kitoweo cha Kokura chenyewe, nukadaki, ambacho ni saradini au samaki wa jamii ya vibua waliochemshwa polepole pamoja na pumba za mchele zilizochachuka. Ladha yake ni nzito, na mara ya kwanza nilidhani nimeuziwa kilicholala, lakini mara ya tatu nilikuwa nakitafuta.

Kuna jambo ambalo maandiko ya watalii hayawezi kukuambia, kwa kuwa hayakuandikwa kwa ajili yetu. Kinywa cha Mswahili hakisumbuki sana na Kijapani. Irabu zao ni tano kama zetu, na silabi zao karibu zote huishia kwenye irabu, hivyo ukisoma neno lao lililoandikwa kwa herufi za Kirumi kama unavyosoma Kiswahili, muuzaji atakuelewa wakati Mwingereza aliye kando yako bado anarudia mara ya tatu. Angalia tu irabu zinazovutwa, kwa sababu urefu hubadili maana: *biru* ni jengo, lakini *biiru* ni bia, na hiyo wewe huihitaji.

Kufanana huko kuna mitego yake. Pweza kwa Kijapani ni *tako*. Sitaongeza neno, wewe ni mtu mzima. Nitasema tu kwamba siku mhudumu alipolitamka kwa upole na heshima zote mbele ya mwalimu wangu, huku akininyooshea sahani, nilijikaza mpaka machozi yakanilengalenga. *Saba* si hesabu, ni huyo jamaa wa vibua. *Kaki* ni chaza, na *gari* ni vipande vya tangawizi vilivyolowekwa kwenye siki, ambavyo hutafunwa kati ya samaki mmoja na mwingine ili kusafisha ulimi. Sushi ni vitonge vya wali vilivyowekewa samaki juu, na wali huo wapishi huuita *shari*. Ukikaribia kushiba na bado unatamani kuonja aina nyingine, unamwambia mpishi *shari sukuname*, naye atapunguza wali, na ndipo utakapoona kwamba waliosema heri nusu shari kuliko shari kamili walikuwa na busara ya mezani pia. Mayai ya samoni huitwa *ikura*, na neno hilohilo ndilo swali la "bei gani?", kwa hiyo *ikura wa ikura desu ka* ni sentensi halali kabisa, nayo huwachekesha wauzaji hata kama wameisikia mara elfu.

Siku ya pili nenda kwenye sushi ya ukanda unaozunguka. Iliasisiwa na Shiraishi Yoshiaki mwaka 1958, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya mji wa Higashiosaka, baada ya kuona jinsi chupa za bia zilivyokuwa zikisafirishwa kiwandani kwa mkanda. Kwa mtu asiye na lugha sijui mahali palipo rahisi zaidi. Unakaa, unagusa kioo chenye picha, unachagua Kiingereza, na sahani inakujia kwa reli hadi mkononi. Bei inaonekana kwenye kioo au hutambulika kwa rangi ya sahani. Za chini huwa zaidi kidogo ya yen 100. Mwisho sahani zinahesabiwa, unalipa mlangoni, basi. Ila kwenye meza kuna kibomba cheusi cha kusukuma kwa kikombe. Mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo ya kunawa kabla ya kula, nilikisukuma kwa mkono. Ni maji ya moto ya chai. Mikono hufutwa kwa taulo yenye unyevu unayopewa ukikaa, na usoni taulo hiyo haipandi.

Kuhusu ubichi, usianze na kilicho kigumu. Pweza wa sushi kwa kawaida amekwisha kuchemshwa, mkunga wa baharini anayeitwa *anago* amepikwa, kamba wengi wamepitishwa kwenye maji ya moto, na kuna sushi ya yai. Unaweza kula sahani nne na hujagusa kibichi. Kisha agiza jodari, ambaye anaitwa *maguro*. Mimi nilitarajia harufu ya samaki na sikuipata, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko ladha yenyewe. Kama hutaki ukali wa wasabi, kiungo cha kijani, unaopanda puani, sema *sabi nuki*.

Suala la pombe katika mapishi nawaachia wanaolijua, maana mimi ni Mkristo na sijawahi kulichunguza.

Mtanga Asilia

Marahaba mwanangu, Mungu akuongoze katika masomo yako. Habari ya Soko la Tanga nimeisoma kwa sauti nyumbani na hakuna aliyeniamini. Bado nasubiri mwenye elimu ya jikoni kuhusu pombe. Aidha, nieleweshwe kuhusu ile migahawa yenye pazia iliyomshinda mwenzangu, kwa sababu sitaki kuishia kwenye ukanda kwa wiki sita zote.

Mpishi wa Likoni

Mzee wangu, pokea salamu kutoka Doha, ambako nimefanya kazi miaka tisa katika jiko la Kijapani chini ya mpishi mkuu kutoka Osaka. Mimi pia ni Mwislamu, mtu wa Mombasa, na swali lako nimelijibu mara nyingi mbele ya wateja, kwa hiyo nitalijibu kirefu.

Vitu viwili ndivyo vya kuvijua. Cha kwanza ni *sake* ya kupikia, ndiyo hiyo pombe ya mchele, ambayo hutumika kuondoa shombo kama sisi tunavyotumia ndimu. Cha pili ni *mirin*, pombe tamu ya mchele inayoipa michuzi mng'aro na utamu. Popote unapoona samaki anang'aa kwa rangi ya kahawia, awe wa kuchomwa kwa mchuzi mtamu au wa kuchemshwa, chukulia kwamba mirin imo. Hiyo nukadaki ya Kokura aliyoisifu kijana hapo juu mara nyingi imo humo pia. Mkunga, kwa bahati mbaya, hupakwa mchuzi wa aina hiyo, kwa hiyo muondoe kwenye orodha yako ya kuanzia. Wali wa sushi hutiwa siki, sukari na chumvi, ingawa wapo wapishi wanaoongeza mirin au kidogo cha sake kwenye maji ya kupikia. Katika maduka ya sushi ya daraja la juu mpishi hupaka samaki mchuzi wa soya uliochemshwa pamoja na vitu hivyo kabla ya kukupa, na wewe huwezi kuuona. Hata sosi ya soya ya kawaida hupata kileo kidogo katika kuchachuka kwake, na hapo wanavyuoni wana maneno yao. Kila mtu afuate anayemwamini.

Sasa unakula nini? Kula *sashimi*, yaani minofu mitupu ya samaki mbichi, ambayo unaichovya mwenyewe. Kula *shioyaki*, ambayo ni samaki mzima aliyepakwa chumvi na kuchomwa kwenye moto, akaletwa na figili iliyokwaruzwa na kipande cha limau. Ukiila utadhani umekaa Forodhani jioni, imekosekana pilipili tu. Hata kwa shioyaki uliza, kwa sababu wapo wanaomnyunyizia samaki sake kabla ya chumvi.

Katika kuuliza ndipo lugha inapomtega mtu. Ukisema "hakuna sake", mhudumu anaweza kuelewa kwamba hutaki samoni, kwa sababu samoni naye huitwa *sake*, na maneno haya mawili hutofautiana kwa maandishi zaidi ya masikio. Nimeshuhudia mteja akiondolewa samoni kwenye sahani kwa heshima kubwa, na mchuzi wenye pombe ukabaki palepale. Tumia neno *arukooru*. Bora zaidi, mwombe mkalimani wenu siku ya kwanza akuandikie kikaratasi kwa Kijapani kisemacho kwamba wewe ni Mwislamu, huli nguruwe wala chakula kilichotiwa pombe ya kupikia au mirin, na kwamba samaki mtupu wa chumvi anakutosha. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Mpishi wa Kijapani akipewa orodha ya makatazo peke yake huingiwa na wasiwasi wa kukukosea, na huenda akapishanisha mikono yake kifuani mfano wa alama ya kuzidisha, maana yake haiwezekani. Ukimwonyesha mlango wa kupitia, atahangaika mpaka akupatie kitu. Mimi kanuni yangu ni hii: ninachokitaka nakionyesha kwa kidole, nisichokitaka nakiweka kwenye karatasi.

Jambo jingine ambalo huwachanganya wageni wa Ulaya na sisi halitusumbui ni "ndiyo" yao. Ukimuuliza Mjapani, "Hakuna mirin humu?", naye akajibu *hai*, maana yake ni ndiyo, ni kweli, hakuna. Ndivyo na sisi tunavyojibu: "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Mwingereza angeelewa kinyume. Lakini *hai* nyingine ni ya kuonyesha tu kwamba umesikilizwa, kama vile mtu anavyosema "naam" wakati bado anafikiri, kwa hiyo ngoja sentensi inayofuata. Akisema *chotto* akainamisha kichwa upande na kuvuta pumzi kwa meno, hilo ndilo "hapana" lake, na usimlazimishe alitamke.

Kuhusu mapazia, hilo pazia huitwa *noren*, na likiwa limetundikwa maana yake duka liko wazi. Kelele iliyomtisha mwenzako ni *irasshaimase*, karibu, na haihitaji jibu. Simama mlangoni, onyesha kwa vidole mko wangapi, ungoje kuonyeshwa pa kukaa. Kama kuna nafasi kwenye kaunta, omba hapo, kwa sababu mbele yako kuna kabati la kioo lenye samaki wote wa siku hiyo na unarudi kwenye ufundi wa kidole. *Kore, hitotsu onegai shimasu*, naomba kimoja cha hiki. *Osusume wa?*, wewe unapendekeza nini? Swali hili la pili hufungua uso wa mpishi kuliko sifa zozote. Sushi ya kaunta unaweza kuila kwa mkono na hakuna atakayekucheka. Ichovye upande wa samaki, kwa kuwa wali ukilowa unasambaratika. Ukitumia vijiti, usivisimike kwenye wali wala usimpokeze mwenzako kipande kutoka vijiti hadi vijiti, maana hayo mawili yanafanana na taratibu zao za mazishi.

Bei ndiyo inayotaka macho. Panapoandikwa 時価 mahali pa tarakimu, maana yake ni bei ya wakati huo, kutegemea soko la asubuhi, na hapo toa simu, fungua kikokotoo, mpe mpishi aandike. Hataona vibaya. Katika sehemu za kulia zinazouza pombe jioni, utaletewa kisahani cha kitu kidogo ambacho hukuagiza, na kwenye hesabu utakuta yen 300 hadi 500 kwa ajili yake. Mimi niliwahi kuzozana na mhudumu kwa jambo hilo nilipokwenda Osaka kumtembelea mkuu wangu, yeye kwa Kijapani na mimi kwa Kiswahili, kila mmoja akiwa na haki yake, mpaka mkuu aliporudi kutoka msalani akanieleza kwamba hiyo ni kama ada ya kukalia kiti. Bahashishi hawapokei, ukiiacha mezani watakukimbiza barabarani wakidhani umesahau fedha zako.

Simu Mkononi

Kwa heshima zote, naona mnamtisha mzee bure. Siku hizi simu inasoma maandishi kwa kamera na kuyatafsiri hapohapo. Pakua programu, pakua na lugha yenyewe ili ifanye kazi bila intaneti, mambo yamekwisha. Hayo ya vikaratasi ni ya zamani.

Mwanafunzi wa Fukuoka

Ndugu, simu ninaitumia kila siku na sitaipinga, hasa kwa menyu zilizopigwa chapa. Lakini vibao vilivyomshinda mwenzake mzee vimeandikwa kwa brashi, kwa mkono wa mtu mwenye haraka, na kamera mara nyingi huviona kama michoro. Hata ikisoma sawasawa, majina ya vyakula hayatafsiriki neno kwa neno. Kuna bakuli la wali linaloitwa *oyako*, na simu ilinipa "mzazi na mtoto". Kwenye mgahawa wa vyakula vya bahari hilo ni samoni pamoja na mayai yake, na sehemu nyingine ni kuku na yai. Simu haikukosea, ila mimi nilikaa dakika kadhaa nikijiuliza ni mzazi yupi.

Mahali ambapo simu haihitajiki kabisa ni mbele ya kabati za vioo zenye sanamu za vyakula. Kazi hiyo ilikuzwa kuwa biashara na Iwasaki Takizo, aliyeanzisha kampuni yake Osaka mwaka 1932. Zamani zilitengenezwa kwa nta, leo ni plastiki, na kila sahani iliyomo ndani ina mfano wake nje pamoja na bei. Unamwita mhudumu kwa *sumimasen*, yaani samahani, unatoka naye hadi nje, unaonyesha. Nimemwona mzee wa Kijapani akifanya hivyohivyo kwa sababu alisahau miwani.

Kitu kimoja zaidi kwa mzee, kwa kuwa ni mtu wa uvuvi na atakipenda. Tafuta kikombe kikubwa cha chai katika duka la sushi, kilichojaa herufi pande zote. Ni majina ya samaki, na karibu kila herufi ina upande wa kushoto unaofanana, 魚, ambao ni "samaki". Upande wa kulia unatofautisha. Samaki pamoja na "dhaifu" ni saradini, 鰯, ambaye kweli akitolewa majini hachelewi kuharibika. Ukishaitambua alama hiyo moja, ukuta mzima wa vibao unaanza kujigawa wenyewe katika samaki na visivyo samaki, na kwa asiye na lugha hiyo ni hatua kubwa.

Mama Zuhra

Naunga mkono karatasi, na ninazungumza kwa uchungu. Niliishi Nagoya miaka minne na familia yangu, na binti yangu akila kamba anavimba midomo. Vyakula vya pakiti madukani havikunisumbua, kwa kuwa sheria yao inalazimisha kamba na kaa watajwe kwenye lebo, na nilijifunza kuyatambua maandishi hayo mawili, えび na かに. Mgahawani sheria hiyo haimbani mpishi. Siku moja tuliagiza supu iliyoonekana kuwa ya mboga tupu, nikauliza kwa mdomo kwa Kijapani changu cha kubabaisha, nikajibiwa *daijoobu*, nikaridhika. Neno hilo huweza kumaanisha "ni salama", na pia "usijali" au "asante, inatosha", na hadi leo sijui niliambiwa lipi kati ya hayo. Tulimaliza usiku hospitalini, na mtoto akapona, alhamdulillahi. Baada ya hapo rafiki yangu Mjapani aliniandikia kikaratasi, nikakifunika kwa plastiki, na mhudumu alipokuwa akikipokea alikuwa akienda nacho jikoni mpaka kwa mpishi mwenyewe. Maneno ya mdomo yalikuwa yakifia kwake njiani. Karatasi ilikuwa inafika.

Kaka yangu Mtanga, kama kuna kitu chochote kinachokudhuru, kiandikwe katika karatasi hiyohiyo ya pombe.

Mtanga Asilia

Nawashukuru nyote, na Mama Zuhra nakupa pole. Karatasi nitaiandaa, na nimeanza kuchora hiyo alama ya samaki nyuma ya daftari langu.

Limebaki moja. Nimesoma kwamba ng'ambo ya Kitakyushu kuna mji wa Shimonoseki, na kwamba fahari yake ni bunju. Kwetu mvuvi akimtoa bunju kwenye nyavu humrudisha baharini au humtupa mbali na watoto, kwa sababu kila mtu wa pwani anajua sumu yake. Je, kweli watu hukaa mezani wakamwagiza kwa hiari yao? Na mtu asiyejua lugha anathubutu vipi?

Mwanafunzi wa Fukuoka

Ni kweli, mzee, na Novemba utafika msimu wake ukiwa unaanza kukolea. Wao humwita *fugu*, lakini Shimonoseki hupenda kusema *fuku*, kwa kuwa neno hilo linasikika kama bahati njema. Kumla kulikatazwa kwa muda mrefu, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Ito Hirobumi, alipoandaliwa samaki huyo hapohapo Shimonoseki, akampenda, na mwaka 1888 marufuku ikaondolewa katika mkoa huo. Leo anayemtengeneza sharti awe amefuzu na kupewa kibali, na ini haliruhusiwi kuuzwa kwa mlaji. Ukali huo una sababu: mwaka 1975 mwigizaji maarufu wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, Bando Mitsugoro wa nane, alifariki baada ya kula maini ya samaki huyo mjini Kyoto. Kwa hiyo la kuthubutu hapa si lugha; mle mahali penye kibali, na usinunue wala usipokee kwa mtu wa pembeni. Hukatwa vipande vyembamba mpaka maua ya sahani yanaonekana kwa chini. Ladha yake, nikisema kweli, ni ya upole kupita sifa zake, na kwa bei ileile ningekula changu watatu wa kukaanga.

Njia rahisi ni Soko la Karato, lililopo ukingoni mwa mlango-bahari wa Kanmon. Siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu wauza samaki hupanga sushi kwenye meza, kila kipande na bei yake, unapewa chombo na koleo, unachagua mwenyewe, unakwenda kula nje ukitazama meli. Fugu yumo, na pweza wa mlango-bahari huo, aliyekomazwa na mikondo mikali, naye yumo. Ufike kabla ya saa tano asubuhi, maana ifikapo saa nane vizuri vimeisha. Hutahitaji kusema lolote isipokuwa kuonyesha karatasi yako ukiwa na shaka na mchuzi.

Kutoka Mojiko, upande wa Kitakyushu, boti huvuka kwa dakika 5 hivi. Wakati wa kurudi nashauri utembee, kwa sababu chini ya bahari kuna njia ya watembea kwa miguu yenye urefu wa mita 780, iliyofunguliwa mwaka 1958, na mwenda kwa miguu halipi kitu. Jumamosi mimi sina vipindi. Ukishafika na kupumzika uniandikie hapa, nije Kokura nikupokee, tuanzie Soko la Tanga kisha tuvuke, na hiyo pasipoti usiiache hotelini.